Mwongozo kamili: jinsi avoka wa Lubumbashi anavyoendelea kujifunza kazi yake baada ya kiapo

Ndugu ma-avoka (mawakili) wa Lubumbashi, na nyie wadogo zetu mlio ku staji (mazoezi ya kazi), huu mwongozo ni wa mtu ambaye kiapo ameshakula, dosie (faili za kesi) ziko mezani, kesho asubuhi ana odiansi (kikao cha kesi) ku tribinali ya biashara, na bado anajiuliza muda wa kusoma sheria mpya ataupata wapi. Sisemi na mwanafunzi anayetafuta diplome, huyo ana maprofesa wake. Nasema na wewe unayepokea pesa ya watu ili uwatetee.

Kuna kitu kimoja nakiamini kabisa na ndo msingi wa yote nitakayosema hapa: mafunzo ya avoka yanatakiwa yatoke ndani ya dosie zake mwenyewe. Sio tangazo la semina lililopita ku grupu ya WhatsApp, sio hamu ya kujaza vyeti ukutani, ni dosie. Kliyan akikuletea shida ya mwaka huu na wewe ukamjibu kwa sheria ya zamani, anayelipa ni yeye, kwa shamba lake, kwa gari lake, kwa mshahara wake.

Na sheria zetu zimebadilika sana jamani. OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi nyingi za Afrika, imeanza kutumika Kongo tarehe 12 Septemba 2012. Kodi (yaani kitabu cha sheria, sio ushuru) ya familia ya 1987 na kodi ya kazi ya 2002 zote mbili ziliguswa siku moja, 15 Julai 2016. Sheria ya sutretansi (sosyete kumpa sosyete nyingine sehemu ya kazi yake) imetoka tarehe 8 Februari 2017, kodi ya migodi ikarekebishwa tarehe 9 Machi 2018, kodi ya dijitali ikaja tarehe 13 Machi 2023, halafu ule Akti inifomu (sheria moja ya nchi zote) wa OHADA juu ya kudai madeni na kutekeleza hukumu, ule wa 1998 ambao sisi wote tuliusoma, umebadilishwa wote mzima, mpya umepitishwa tarehe 17 Oktoba 2023 na umeanza kufanya kazi tarehe 16 Februari 2024. Mtu aliyekula kiapo 2010 akabaki na noti zake za chuo, sehemu kubwa ya kazi yake ya biashara leo imesimama juu ya maandishi ambayo hayapo tena.

Ufaransa wao wameliandika kabisa ndani ya sheria: kila avoka lazima afanye masaa 20 ya mafunzo kwa mwaka, ama 40 kwa miaka miwili. Chukua hiyo 20 kama kipimo cha chini chako wewe mwenyewe, hata kama hakuna mtu atakayekuuliza. Ukigawa kwa wiki 52 haifiki hata dakika 25 kwa wiki. Muda sio mwingi, kazi kubwa ni kujua utautumia kwa kitu gani, kwa hiyo twende pole pole.

Hatua ya kwanza: hesabu dosie zako

Chukua daftari, kaa chini, andika dosie zote ulizoshika mwaka uliopita. Jina la kliyan usiweke, andika tu aina ya shida: kufukuzwa kazi, mgogoro wa parseli (kiwanja), deni la kibiashara, talaka, urithi, mtu kakamatwa na parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), sosyete inataka kubadilisha statuti zake. Kwa wengi wetu hapa Lubumbashi utaona mambo matatu ama manne ndo yanarudi kila mara, na mara nyingi kazi na deni ziko juu kabisa, juu mji huu unaishi na migodi na masosyete yanayozunguka migodi.

Halafu mbele ya kila aina andika vitu viwili: sheria gani inatawala hapo, na mara ya mwisho uliifungua ile sheria yenyewe lini. Sio mfano wa konkluzyo (maandishi ya kutetea kesi) uliokopi ku ordinateri ya kabine. Sheria yenyewe, artikle kwa artikle. Hapo ndo utashtuka kidogo, na ni vizuri kushtuka ukiwa peke yako kwenye meza yako kuliko mbele ya juji.

Pale ambapo dosie ni nyingi na kusoma ni kwa zamani sana, pale ndo mafunzo yako yanaanzia. Usichague somo linalopendeza, chagua lile linaloweza kukuangusha. Nimeona vijana wazuri sana wanakimbilia arbitraji ya kimataifa na wakati dosie zao kumi zote ni watu waliofukuzwa kazi, na hawajasoma kwa utulivu artikle 62, 63 na 64 za kodi ya kazi, zile za sababu halali ya kumwachisha mtu na za preavi (taarifa ya mapema ya kuachishwa). Preavi ya kawaida kwa mtu wa mkataba usio na mwisho haiwezi kuwa chini ya siku 14 za kazi, unaongeza siku 7 kwa kila mwaka mzima wa kazi. Ni hesabu ya mtoto wa shule lakini inakosewa. Na kuna kile kizuizi cha mbele: bila kupita kwanza kwa enspekta wa kazi kwa ajili ya upatanisho, tribinali ya kazi haitapokea shauri lako. Ukisahau hapo, umempotezea mtu miezi.

Hatua ya pili: tafuta andiko sahihi, na uhakikishe ni lile linalotumika

Hapa ndo watu wengi wanaanguka bila kujua. Kwa sheria za Kongo, chanzo chenyewe ni Jurnali Ofisieli, na ku intaneti wengi tunapita kwa leganet.cd. Kwa OHADA ni ohada.com, pale kuna akti zote na hukumu nyingi. Vizuri. Lakini kupata PDF sio kupata sheria.

Chukua kodi ya migodi. Ile sheria namba 007/2002 ya tarehe 11 Julai 2002 bado ndo jina la kodi, ila sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018 imebadilisha na kuongeza artikle nyingi ndani yake. Ukidaunlodi ya 2002 peke yake utasoma kwamba serikali inapata hisa 5% za bure ndani ya sosyete ya migodi, wakati tangu 2018 ni 10%. Utasoma redevansi (malipo kwa serikali juu ya madini) ya shaba 2%, wakati ni 3.5%, na kwa madini yaliyotangazwa ya kimkakati kama kobalti ni 10%. Na hutaona kabisa ile 0.3% ya shifradafeli (mauzo yote ya sosyete) ambayo sosyete lazima iweke kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi, wala kaye de sharji yao (maandishi ya ahadi za sosyete kwa wenyeji). Sasa fikiria mzee wa kijiji cha kando ya Kolwezi ama Kambove anakuja kukuuliza haki yao ni ipi, unafungua PDF ya 2002.

Kwa hiyo kwa kila andiko unaloweka, fanya hivi: soma kichwa chote mpaka mwisho, angalia tarehe, tafuta kama kuna sheria iliyokuja nyuma kulirekebisha, halafu fungua artikle za mwisho kabisa, zile za mpito na za kufuta. Ni pale ndo wameandika sheria inaanza lini na kesi zilizokuwa njiani zinafuata ipi. Faili ipe jina linaloonyesha somo, mwaka, na mwaka wa marekebisho, sio "kodi mpya final 2". Weka ku simu, weka ku flashi, na yale matatu unayotumia sana yachapishe kwa karatasi uyafunge vizuri, juu delestaji (kukatwa kwa umeme) haikuulizi kama una odiansi. Megabaiti zikiwa chache, daunlodi usiku ama pale kwenye waifai ya rafiki, vyote kwa mara moja, na kusoma utasoma bila koneksyo.

Hatua ya tatu: saa moja na nusu kwa wiki, swali moja

Chagua siku na usiihamishe. Wengine Jumamosi asubuhi, wengine wanafika kabine saa moja kabla simu hazijaanza kulia. Simu funga. Na usikae chini kusema "leo nitasoma OHADA", OHADA haiishi. Kaa na swali moja lililotoka kwa dosie moja.

Nionyeshe vile inafanyika. Mama mmoja anauza vipuri vya makamyo pale Kampemba. Sosyete ndogo ya usafiri imechukua bidhaa, imetia sahihi bon ya kupokea, miezi imepita hailipi. Ina makamyo mawili, ina konti ku banki, na unajua pesa yake nyingi inapita kwa simu. Mama anauliza: nitapata pesa yangu kwa njia gani ya haraka?

Wiki ya kwanza swali ni moja tu: je, naweza kuomba enjonksyo de peye (amri ya juji ya kulipa deni)? Fungua Akti mpya ya 2023, sio ya 1998. Anza na orodha ya yaliyomo, ona sura imekaa wapi. Soma masharti ya deni: lazima liwe la hakika, lenye kiasi kinachojulikana, na muda wake wa kulipwa umefika, na asili yake iwe mkataba ama chombo kama chek. Sasa rudi kwa karatasi za mama, moja moja: bon iliyotiwa sahihi inaonyesha nini? Faktiri ina tarehe ya kulipa? Kama haina, utathibitisha vipi kwamba muda umefika? Hapo umeshaanza kujifunza kwa ukweli, juu sheria imegusa karatasi.

Wiki ya pili, weka Akti ya zamani na mpya kando kwa kando kwenye sura hiyo hiyo, na kwa kalamu nyekundu andika kila muda wa siku uliobadilika: siku za kupeleka hati kwa mdaiwa, siku za opozisyo (mdaiwa kupinga amri), siku za apeli (rufaa). Usiniulize mimi ni siku ngapi, fungua mwenyewe, andika mwenyewe kwa mkono wako ndo hazitakutoka. Kisha angalia ile orodha ya vitu ambavyo hati lazima iwe navyo. OHADA ni kali hapo, hati nyingi zinabatilika kabisa kwa kukosa kitu kimoja tu. Chukua modeli ya kabine yako, ile ambayo kila mtu anakopi tangu zamani, ipitishe mstari kwa mstari kwenye artikle mpya. Modeli ikianguka, itupe, tengeneza nyingine, na uiandike tarehe chini.

Wiki ya tatu: tukishapata titri ya utekelezaji (karatasi inayoruhusu kushika mali), tunashika nini? Hapa Akti mpya imefungua milango ambayo ya zamani haikuwa nayo, imeweka kanuni za kushika pesa ya kielektroniki, yaani ile inayokaa kwenye simu, na hata kushika mifugo. Kwa mji ambao kila mtu analipana kwa simu, hiyo sio habari ya vitabuni. Soma ile sura na wisie (mpeleka hati za korti) utakayefanya naye kazi, kaeni pamoja, juu yeye ndo atapeleka hati na kosa lake litakuwa kosa la dosie yako.

Wiki tatu, mama mmoja, na sasa una karatasi mbili tatu zako mwenyewe zinazobeba somo lote. Hiyo ndo njia. Mwishoni mwa kila saa moja na nusu andika ukurasa mmoja: swali, artikle, jibu, na kitu gani kitabadilika kwenye kazi yangu. Kama hakuna kitakachobadilika, swali halikuwa zuri.

Hukumu, na safari ya Abidjan

Sheria peke yake haitoshi, lazima ujue majuji wanaisoma vipi. Hapa nitapita haraka kidogo ila kuna jambo moja sitaki ulikose. Kwa mambo ya OHADA, ukitoka korti ya apeli ya Lubumbashi hauendi ku Korti ya kasasyo ya Kinshasa, unaenda ku CCJA (korti ya juu ya OHADA), Abidjan, isipokuwa pale hukumu imetoa adhabu ya jinai. Muda ni miezi miwili tangu hukumu kuletwa kwa mteja, na huwezi kufika pale bila avoka. Kwa hiyo ku ajenda yako, siku hati ya hukumu inafika kabine, andika tarehe tatu papo hapo: ya leo, ya mwisho, na ya onyo, wiki tatu kabla ya mwisho. Kwa kesi za kawaida za madai zisizo za OHADA, apeli ni siku 30, kwa jinai ni siku 10. Tengeneza karatasi moja ya muda wote, bandika ukutani karibu na mlango, na kila sheria ikibadilika uichapishe upya.

Hukumu za CCJA zisome kwa mada, tatu ama nne kwa mwezi zinatosha. Za hapa kwetu ni ngumu zaidi kupata, hazichapishwi sana, basi kila ukishinda ama ukishindwa kesi yenye swali jipya, omba kopi ku grefe (ofisi ya karani wa korti), funika majina, iweke. Miaka mitano ukifanya hivyo unakuwa na hazina ambayo hakuna duka linauza.

Kundi la kusoma, hii ndo dawa kubwa

Peke yako utachoka, nakwambia wazi. Tafuta wenzako wanne ama watano, sio ishirini. Mchanganyiko uwe mzuri: mmoja anayefanya sana kazi, mmoja wa biashara, mmoja wa jinai anayekwenda gereza la Kasapa kila mara kuona wafungwa, mmoja wa ardhi. Mkutane mara mbili kwa mwezi, kwenye kabine ya mmoja wenu, zamu zamu. Kila mara mmoja analeta ukurasa wake ule niliosema juu, anaeleza dakika ishirini, halafu wengine wanamshambulia kama vile ni upande wa pili. Sio kupigana makofi. Mnamwambia: hapa umesoma nusu ya artikle, hapa umesahau muda, hapa juji atakuuliza hivi utajibu nini.

Masharti mawili msiyalegeze. Siri ya kazi: jina la kliyan halitajwi, na mtu mwenye dosie upande wa pili wa kesi hiyo anatoka nje ama mada inabadilishwa. Na la pili, anayekuja bila kuandika hapewi nafasi ya kusema wiki hiyo, atasikiliza tu. Kundi linakufa pale watu wanaanza kuja kwa ajili ya bia na habari za baro (chama cha ma-avoka).

Mara moja kwa miezi miwili fanyeni pledwari (kutetea kesi kwa mdomo) ya mazoezi. Mmoja anakuwa juji, wawili wanatetea, mnapimana dakika. Utajua haraka sana nani anajua dosie na nani anajua kupaza sauti.

Mafunzo ya kulipia, chagua kwa macho wazi

Baro ya Haut-Katanga na konferansi zake, hapo nenda, usikose, hasa mada zinazogusa dosie zako. Fakilte ya droa (sheria) ya UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, ina watu wanaojua migodi na ardhi vizuri, hata kama haurudi darasani unaweza kuomba kuhudhuria mkutano wao wa kisayansi na kutumia biblioteke. OHADA wana shule yao, ERSUMA, iko Porto-Novo kule Benin, inafundisha majuji, ma-avoka, manoteri na mawisie. Na kwa haki za uvumbuzi, chapa na haki za watunzi, shule ya WIPO (shirika la dunia la haki hizo) ina kozi ya kwanza ya bure kwa Kifaransa ku intaneti, mtu yeyote anaweza kujiandikisha.

Kabla hujatoa dola yako kwa semina yoyote, uliza haya: nani anafundisha na yeye amefanya kazi hiyo wapi? Programu iko wapi kwa maandishi? Kuna zoezi la dosie ama ni mtu kusoma slaidi tu? Cheti kinatolewa na nani na kinatambuliwa na nani? Andiko litakalotumika ni la mwaka gani? Hilo la mwisho ndo mtihani wangu mkubwa. Wakikutumia programu ya "utekelezaji wa hukumu OHADA" na bado wanasoma artikle za 1998, pesa yako baki nayo. Na kama kichwa cha semina ni kirefu sana na siku ni moja, ujue wanauza karatasi.

Kama pesa ni kidogo, mpangilio wangu ni huu: kwanza maandiko na kuyachapisha, pili megabaiti na transpo ya kwenda kwenye kundi, tatu kitabu kimoja kizuri cha maelezo kwa mwaka ambacho mnaweza kuchangia watano, na semina ya kulipia inakuja mwisho.

Kitu kipya kimoja kwa mwaka

Baada ya dosie zako kukaa sawa, hapo sasa fungua dirisha moja jipya, moja tu. Kwa Lubumbashi naona mawili yana kazi mbele. La kwanza ni sutretansi: sheria namba 17/001 imeweka kazi za sutretansi mikononi mwa masosyete yenye mtaji wa Wakongomani, na kuna mamlaka yake ya kuisimamia, ARSP, kwa hiyo vijana wengi wanafungua masosyete, wanaandika mikataba mibaya, na wanahitaji avoka anayejua ile sheria pamoja na Akti ya OHADA ya masosyete ya tarehe 30 Januari 2014. La pili ni Afrika Mashariki. Kongo imetia sahihi kuingia Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022, na mahakama yake iko Arusha, mtu wa kawaida anaweza kupeleka shauri pale dhidi ya serikali, ila muda ni miezi miwili tu na hawana huruma nao. Lugha ya kazi pale ni Kiingereza, basi anza mapema.

Yasiyo sheria lakini ni kazi

Kliyan wetu anasema Kiswahili, juji anaandika Kifaransa, na wewe umekaa katikati. Jizoeze kumweleza mama wa Katuba ama mufanyakazi wa Ruashi, kwa dakika tano na kwa maneno ya nyumbani, kesi yake imefika wapi, kitu gani kinaweza kwenda vibaya, na itagharimu kiasi gani. Fanya zoezi hilo kwenye kundi, mmoja awe kliyan aulize maswali yote ya kliyan: "Sasa avoka, nitashinda?" Jibu la haki kwa swali hilo linahitaji mazoezi kuliko pledwari.

Jifunze kusoma bilan (hesabu ya mali na madeni ya sosyete). Sio uwe kontabu, ila ukipewa makaratasi ya SYSCOHADA (mfumo wa hesabu wa OHADA) ya sosyete ujue deni limekaa wapi na mali imekaa wapi, la sivyo utashika konti tupu.

Ushahidi wa simu pia. Kodi ya dijitali ya 2023 inazungumzia maandishi na sahihi za kielektroniki, na leo nusu ya mikataba ya mji huu imefanyika kwa mesaji na audio. Kopi ya skrini peke yake ni dhaifu, soma unatakiwa kuileta vipi.

Na hizi programu za akili bandia, vijana mnazitumia, najua, na sikatazi. Zinasaidia kupanga wazo na kusahihisha Kifaransa. Ila zinatunga hukumu ambazo hazipo. Mwaka 2023 kule New York ma-avoka walipeleka mahakamani kesi zilizotungwa na programu hiyo, juji akawapiga faini ya dola 5,000. Kwa hiyo sheria iwe hii: artikle ama hukumu ambayo hujaifungua kwa macho yako haiingii kwenye konkluzyo. Na dosie ya kliyan usiimwage mule, na jina lake, na karatasi zake, siri ya kazi ni siri hata mbele ya mashine.

Kwa mapatroni wenye watu wa staji

Wazee wetu, neno kwenu kwa heshima. Ile ordonansi-loi namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979 imeweka staji ya miaka miwili. Miaka miwili ni mifupi sana, na kijana akiitumia yote kubeba makaratasi na kuomba remizi (kesi kuahirishwa), atatoka hajui kazi. Mpe dosie moja ndogo kila mwezi aifanye mwanzo hadi mwisho, sahihisha konkluzyo yake kwa kalamu mbele yake, mwambie kwa nini umefuta sentensi hii. Dakika ishirini zako zinamfaa kuliko semina tatu.

Na wewe kijana, patroni akiwa hana muda, usikae unalalamika. Biro ya konsiltasyo za bure ya baro ndo shule yako: watu wasio na pesa wanakuja na shida za kila aina, talaka, kipigo, parseli iliyouzwa mara mbili, mtoto aliyekamatwa. Waheshimu kama kliyan wa dola elfu. Kila swali usilojua liandike, nenda kalitafute usiku, na mtu akirudi umpe jibu.

Daftari, na wiki ya kwanza

Weka daftari moja la mafunzo: tarehe, swali, andiko lililosomwa, masaa, na kilichobadilika. Vyeti vipige picha, weka pamoja. Siku baro ikikuuliza, ama sosyete kubwa ikitaka kujua unajua nini kabla ya kukupa dosie zake, unafungua daftari. Mwezi wa kumi na mbili rudi kwenye ile hesabu ya hatua ya kwanza, ifanye upya, juu dosie zako zitakuwa zimebadilika.

Wiki hii fanya matatu tu. Jumatatu jioni, orodha ya dosie. Jumatano, daunlodi Akti ya 2023 na kodi ya kazi na marekebisho yake ya 2016, kisha peleka modeli zako zote za enjonksyo na za kushika mali kwenye folda moja iliyoandikwa "za kuangalia upya", na mtu yeyote kabine asizitumie mpaka uzipitishe. Ijumaa, piga simu kwa wenzako wanne na mpange siku ya kukutana.